Mikono Ishirini na Miwili

Dukani, BINGWA CHAPA,
ghorofa ya chini, mkabala na kituo cha mafuta.
Jumanne, baada ya chai ya saa nne.

Dada yangu,

Shikamoo. Pokea na nyingine za akiba, maana nakujua: ukisalimiwa mara moja unahesabu nusu. Goti lako linasemaje siku hizi? Na shemeji, bado anakoroma mpaka majirani wanafikiria kuhama, au ulimnunulia ule mto niliokushauri? Huku tupo. Mke wangu anakusalimu na anasema yale mabakuli yako atayarudisha, ila hakusema mwaka gani. Mimi ni mzima. Nasema mzima kwa sababu nakula, nalala, nafungua duka saa mbili asubuhi na kulifunga saa kumi na moja, na daktari akinipima presha anasema ni ya kijana wa miaka ishirini. Zaidi ya hapo sina la kulalamikia wala la kufurahia. Ukinichoma sindano leo, dada, nadhani nitakuuliza tu kama umemaliza.

Barua yako niliipata, kurasa mbili, na mwandiko wako bado unanigombeza hata pale unaponisifu. Umeandika kwamba waliokuwapo mazikoni walikusimulia hotuba yangu, jinsi nilivyosimama na kueleza namna nilivyomlea mdogo wetu Kipande kwenye kazi, nikamfundisha kompyuta kidole kwa kidole, na kwamba watu wazima walitoa leso. Halafu chini kabisa, baada ya salamu za majirani, umeweka swali moja. Unataka kujua Kipande alinikosea nini hasa hata akaondoka dukani kwangu, kwa kuwa wewe ulimnunia miaka miwili kwa ajili yangu, amekufa hujamsemesha, na angalau unataka kujua ulikuwa umenuna kwa sababu gani.

Swali nimelisoma. Nimelikunja, nimelikunjua, nimeliweka chini ya kikokotoo. Nitalifikia. Kwanza nikupe habari za binti yako, kwa sababu ndizo zinazonipeleka huko.

Usidhani nilimtembelea kazini kwake kama ndugu wa kuomba maji ya kunywa. Niliitwa, tena kwa simu mbili. Kampuni yao iko ghorofa ya tatu, lifti yake ina kioo pande zote hata hujui utazame wapi. Viti vinazunguka. Kila mtu ana spika masikioni, na ukimsalimu anainua kidole kimoja kama mwanafunzi anayeomba kwenda haja. Binti yako ndiye msimamizi wa menyu. Nilidhani ni mambo ya chakula, nikafurahi, kumbe menyu ni ile orodha ya amri inayokaa juu ya skrini. Wanatengeneza programu ya kuchorea na kupangia mabango, kadi na vitabu, na amri zake zote ni kwa Kiswahili kuanzia juu mpaka chini.

Shida yao ilikuwa njia za mkato. Wewe hukai kwenye kompyuta, kwa hiyo nikueleze kama nilivyomweleza mkuu wao, ambaye ni mtu mzima mwenye kandambili na kipara cha kung'aa. Kila amri unaweza kuifuata kwenye menyu kwa kipanya, pole pole, kama mtu anayekwenda kisimani. Au unaweza kubonyeza vitufe viwili vitatu hapo hapo ulipo na jambo likawa. Mtu wa kazi kama mimi hana muda wa kwenda kisimani. Lakini vitufe hivyo lazima mkono uvikumbuke wenyewe, bila kumwuliza mwenye mkono.

Wao walikuwa wameipa kila amri herufi yake ya kwanza. Sasa angalia balaa. Kata inaanza na K. Kuza, K. Kunja, Kopi, Koleza, Kusanya, zote K. Mkuu alikuwa amempa Kata K pamoja na kitufe cha kontroli, Kuza akamwongezea shifti, Kunja akamwongezea kingine, na Koleza, nikamwambia mkuu, naona amembakizia abonyezwe kwa pua. Chumba kizima kilicheka, hata wale wenye spika masikioni. Binti yako hakucheka. Alisema wamewafundisha watu Jumatatu, Jumatano wote wamesahau, wamerudi kwenye kipanya wakilalamika. Alisema programu ambayo mikono imeisahau haifunguliwi mara ya pili, na hii ni kazi yake ya miaka mitatu. Ndipo akaniambia kwa nini aliniita. Alikuwa anakumbuka utotoni, likizo, anakaa dukani kwangu juu ya boksi la karatasi, ananiona nafanya kazi huku namtazama mteja usoni, vidole vinakwenda peke yao, na kila kidole kina hadithi yake.

Basi nikaketi kwenye kiti cha kuzunguka nikawapa. Niliwasimulia ile ya kadi mia nne za harusi, umeme ukakatika katikati na mimi nikaendelea kubonyeza, uliporudi kazi ilikuwa tayari. Mmoja akauliza kompyuta ilikuwa imezimika au haikuzimika. Nikamwambia vidole havisomi mita. Walipoona kidole changu kidogo cha kushoto kilivyopinda, nikawaeleza nilivyozuia lori lisirudi nyuma mlimani. Wewe unajua ni mlango ulioufunga wewe ukinikimbiza, lakini lori limenisaidia sana maishani.

Halafu nikawafundisha. Hifadhi: umetoka uani umebeba beseni la nguo kwa mikono miwili, mlango unaufunga kwa kisigino. Kidole kidogo kimebana kontroli, huo ni mguu uliosimama. Cha kati kinagonga S mara moja, hicho ndicho kisigino. Tendua: umeingia chumba kisicho chako, unarudi kinyumenyume bila kugeuka, vidole viwili vimekaribiana kama miguu ya mtu mwenye aibu. Kata: fundi cherehani anauma uzi. Kuza: watu wawili wananyoosha shuka, mkono mmoja huku, mmoja kule mwisho wa kibodi, mnavuta. Kusanya: mhudumu wa hoteli amebeba vikombe vitatu kwa mkono mmoja, na hataki kurudi kuchukua cha nne. Ishirini na mbili, dada, moja baada ya nyingine, sikusoma popote. Yule mkuu alikuwa anajaribu chini ya meza akidhani simwoni.

Wakaita watu kumi na wawili wa kujaribu, wachoraji na wachapaji. Wakafundishwa asubuhi moja tu, wakaambiwa waende zao. Wiki moja baadaye wakaitwa tena. Kumi na mmoja walizikumbuka zote. Wa kumi na mbili alisahau moja na alikuwa na mafua. Mkuu alisimama akanipa mkono, na wakanitengenezea kitambulisho cha kuning'iniza shingoni kilichoandikwa Mshauri wa Mikono. Nilikwenda nacho sokoni. Nilikwenda nacho kwa kinyozi, nikakaa nakitazama kwenye kioo chake, nikawa nasubiri kufurahi. Kinyozi akamaliza upande huu, akamaliza upande ule. Nikavua kitambaa, nikaondoka.

Hivyo ndivyo ninavyoishi tangu tumzike Kipande. Mazikoni sikulia, na watu wakasema ni ushujaa. Nilikuwa natazama kiatu cha mtu mmoja aliyeshika koleo, kamba yake imefunguka, nawaza ataikanyaga. Ndilo jambo ninalolikumbuka vizuri zaidi. Na hotuba nilitoa, ndiyo. Mdomo wangu unajua njia hata mimi nisipokuwapo.

Sasa wakaongeza amri ya ishirini na tatu. Inaitwa Unganisha. Picha kwenye kompyuta huchorwa kwa tabaka, kama plastiki nyembamba zilizopangwa moja juu ya nyingine: anga kwenye yake, mbuzi kwenye yake, maneno kwenye yake. Ukitaka kumsogeza mbuzi unamsogeza, anga haina habari. Unganisha inazigandisha zote kuwa moja. Baada ya hapo ukimvuta mbuzi anakuja na mawingu. Mkuu akaniambia, Bingwa, tupe na ya hii, wewe ni dakika moja tu. Nikamwambia dakika moja ni nyingi.

Nilikaa siku mbili mbele ya kibodi hapa dukani. Naweka mikono, inalala. Kama glavu ambazo mtu amezisahau juu ya meza. Mteja akaingia, akaniuliza kama naumwa. Siku ya tatu nikabuni. Niliwaambia habari ya jinsi nilivyowahi kukalia masanduku matatu ya karatasi yakawa sanduku moja, na mteja wa kutoka mbali akanipigia makofi. Vitufe nikachagua kontroli na D, kwa kuwa D ilikuwa karibu tu hapo, jirani wa S. Ilichekwa kuliko zote ishirini na mbili. Mkuu alifuta machozi.

Kati ya wale kumi na wawili kulikuwa na mama mmoja mchoraji wa vitabu vya watoto. Mtu wa kusema kidogo, miwani yake imefungwa kwa uzi. Alikuwa ameipenda programu hata akahamishia humo kazi yake ya kweli. Siku moja alitaka kufunga mlango kwa kisigino, yaani kuhifadhi, kidole kikateleza kwa jirani, picha ikaunganika. Hakuona kitu, kwa sababu picha ikiunganika haibadiliki sura. Akagonga tena, safari hii mlango wenyewe, akafunga programu akaenda kula. Aliporudi hakuna kutendua, programu ikishafungwa haikumbuki ulikotoka. Ukurasa wa siku nne. Alimshika mbuzi, mbuzi akaja na mlima, na mto, na jina la kitabu. Alijaribu mara tatu. Halafu akavua miwani akaikunja, akasema si neno, atachora upya. Ningependa angenitukana. Wengine wanne kati ya wale kumi na wawili walikuwa wamefanya kosa hilo hilo wiki hiyo, ila wao waliwahi kutendua.

Binti yako hakunigombeza. Alinipeleka pale wanapopikia chai, akafunga mlango, akaniuliza: Anko, zile ishirini na mbili ulizitoa wapi? Nikasema kichwani. Akanitazama. Dada, ana macho yako yale ya kuhesabu mayai. Alisema zile za mwanzo kila moja ina mtu anayefanya jambo kwa mwili wake, na ukifanya kama yeye vidole vinajikuta mahali pake. Hii ya masanduku ina mimi tu ndani. Watu wote wanakumbuka masanduku, alisema, na hakuna anayekumbuka vitufe. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesoma kipimo cha joto.

Kisha akanieleza la mwisho. Kila programu ina dirisha dogo la kueleza imetengenezwa na nani. Humo kutakuwa na mstari: njia za mikono zimebuniwa na fulani. Wataandika jina langu. Orodha inafungwa mwisho wa mwezi huu, na ikishafungwa itabaki hivyo kwenye kila kompyuta itakayoifungua. Akaniuliza niandikwe Bingwa au jina la kwenye kitambulisho cha taifa.

Nilirudi dukani, nikainama chini ya meza ya kompyuta, nikaiangalia karatasi iliyobandikwa huko.

Sasa nimefika kwenye swali lako. Zamani hapa ningeongeza chumvi. Imeniishia.

Mimi niliacha shule darasa la tano, wewe unajua, ingawa mjini nimewaambia la kumi na wengine chuo. Kompyuta ilipofika dukani, amri zake zilikuwa kwa Kiingereza, lugha ya watu. Nilikaa mbele yake siku nane. Wateja nikawa nawaambia inapumzishwa, imetoka safari ndefu. Kipande alikuwa amemaliza shule, anakuja kunifagilia duka akiwa na kile kipande cha penseli nyuma ya sikio. Aliona. Hakucheka, wala hakuniuliza kama najua kusoma kilichoandikwa. Alivuta kiti, akaushika mkono wangu, akauweka juu ya vitufe, akasema, kaka, jifanye umebeba beseni la nguo, mlango utaufungaje? Siku ya pili, shuka. Siku ya tatu, vikombe. Alikuwa anazitoa humo humo, anatazama mtaani, anaona mtu anafanya kitu, anakigeuza kuwa vidole vyangu. Halafu akazichora zote kwenye karatasi moja, akaibandika chini ya meza, upande ambao mteja haoni, ili nikisahau niangushe kalamu niiname.

Mimi sikumfundisha kitu chochote, dada. Hata kidole kimoja. Ile hotuba ni yake, nimebadilisha tu nani alimshika nani mkono.

Alikaa na mimi miaka kumi na mmoja. Mwaka tulipopaka upya kibao cha duka, aliniomba chini ya BINGWA CHAPA tuandike, kwa herufi ndogo tu, na Kipande. Kulikuwa na wateja wanne. Nilicheka kwa sauti. Nikawauliza wateja kama waliwahi kuona mfagizi akaandikwa kwenye kibao. Wakacheka, kwa kuwa ni mimi nimechekesha. Yeye alitoa penseli nyuma ya sikio, akaiweka mezani taratibu, kama anavyoweka mtu funguo za nyumba anayoihama. Akasema, haya kaka, kazi njema. Hakubamiza mlango. Ndivyo alivyoondoka.

Ulipopiga simu kuuliza, nilikwambia amekuwa mvivu na kichwa kimemjaa. Ukasema utamsemesha. Nikaogopa ukimsemesha atakueleza. Kwa hiyo nikakwambia alikutaja wewe, kwamba alisema dada ni mwanamke wa kujiingiza kila mahali na yeye hana haja nasi wote wawili. Hakusema hivyo. Hakusema neno lolote juu yako siku ile, na siku nyingine akikutaja ilikuwa kusifu mkono wako wa chai. Hayo maneno niliyatunga mimi, nimesimama hapa hapa, na ilinichukua muda mfupi kuliko ile ya masanduku.

Kwa hiyo ulinuna kwa kitu ambacho hakikuwapo. Alipata kazi kwenye ghala, anaandika namba kwenye maboksi. Kifua kilipombana, nilikwenda kumwona hospitali mara moja tu. Alikuwa amekonda, ila kichwa kiko sawa. Aliniuliza kama wewe bado umekasirika. Nikasema yatapita. Akauliza kama ile karatasi chini ya meza bado ipo. Nikamwambia niliibandua zamani, siihitaji. Akasema vizuri, inamaanisha mikono imeshika. Akageukia ukutani alale. Karatasi ilikuwapo. Asubuhi hiyo hiyo nilikuwa nimeangusha kalamu.

Nimejaribu kuhisi kitu nikiandika haya. Naona tu herufi zinajipanga. Labda kitakuja, labda hakiji. Lakini sikutaka kungoja kije ndipo nikwambie.

Ndani ya bahasha hii utakuta vitu viwili. Cha kwanza ni fomu kutoka kwa binti yako. Nilimwomba fomu tupu, sikumweleza ya nini. Mtu aliyekufa akiandikwa kwenye lile dirisha, lazima mmoja wa familia atie sahihi ya kukubali. Nimeijaza kwa mkono wangu: njia za mikono zimebuniwa na Kipande. Pa kutia sahihi nimepaacha. Ningeweza kutia mimi, sheria inaruhusu, halafu wewe ungesikia juu juu kwamba kaka mkubwa kwa wema wake amemkumbuka mdogo wake, na watu wangetoa leso tena. Tia wewe, au usitie. Usipotia, mwezi ukiisha wataandika Bingwa, na binti yako utamweleza mwenyewe kwa nini. Ukitaka kuninunia mimi sasa, una haki, na safari hii kitu kipo.

Cha pili ni karatasi yenyewe. Nimeibandua jana kwa maji ya moto, kona moja imeachia, samahani. Sikuitolea kopi, ingawa mashine iko hapa nyuma yangu na imewaka. Utaona mikono ishirini na miwili. Ukiifuata mpaka chini, utaona na kitu ambacho mimi sikukitazama vizuri mpaka baada ya yule mama mchoraji. Unganisha ilikuwapo hata kwenye ile programu ya zamani, na Kipande hakuichorea mkono. Amemchora mtu anatembea kuelekea mlangoni, mguu mmoja mbele. Sasa nakumbuka alivyosema: hii, kaka, usiitafutie vidole, hii mtu aende mwenyewe mpaka kwenye menyu, akifika atakuwa ameshafikiri. Nimemwambia binti yako waiondolee vitufe. Wameiondolea tangu juzi.

Ndiyo maana nimekuandikia pia, sikupiga simu. Kwenye simu ningekuwa nimefika kwenye lori.

Msalimie shemeji na huo mto. Wasalimie majirani wa pande zote mbili, hata yule mwenye mbwa. Mabakuli nitayaleta mimi mwenyewe, ukisema nije. Ukipata nafasi, itazame ile mikono karibu na dirisha, penye mwanga. Nilidhani miaka yote ni mikono tu ya mtu yeyote. Kidole kidogo cha kushoto kimepinda kwenye kila mmoja.

Ni mimi, mdogo wako aliyebaki.